Chumba cha Chuma na Bodi ya Jipsamu: Somo la Kuzuia Sauti

1. Utangulizi

Siku hizi watu wengi mijini hurekodi muziki, vipindi vya redio na masomo ya kusikiliza wakiwa nyumbani kwao. Vyombo vinavyohitajika si vingi: kompyuta, kipaza sauti na spika mbili. Kinachokosekana mara nyingi ni chumba. Kwa kuwa ukuta wa matofali una gharama kubwa, wengi hugeukia chumba cha chuma: kontena kuukuu lililokwisha safari zake za baharini, au kibanda cha mabati kilichojengwa uani. Hapo ndipo taabu huanza. Ngoma inayopigwa ndani humnyima jirani usingizi, na mvua inayonyesha juu ya paa huharibu kazi ya mwanamuziki.

Dawa inayopendekezwa na mafundi wengi ni kuufunika ukuta kwa bodi za jipsamu, zile zile zitumikazo kwa dari. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari, kwamba kinachoamua mafanikio si bodi peke yake, bali namna bodi hiyo inavyofungwa. Bodi ile ile, ikikazwa kwa skrubu juu ya chuma, huleta faida ndogo; ikisimamishwa mbali na chuma, huzaa ukuta wa namna nyingine kabisa.

2. Kufyonza sauti na kuzuia sauti ni mambo mawili

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Kufyonza sauti ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba. Kuzuia sauti ni kuikataza isipite kutoka upande mmoja wa ukuta hadi upande wa pili.

Elimu ya kufyonza sauti iliwekewa misingi na Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya msemaji yalivuma muda mrefu hata yasieleweke. Sabine aliingiza mito ya viti katika ukumbi huo, akapima jinsi mwangwi ulivyofupika kwa kadiri mito ilivyoongezeka. Vitu laini vyenye vinyweleo, kama mito, mapazia na magodoro, huruhusu hewa inayotetemeka kupenya ndani yake. Humo hewa husuguana na nyuzi, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto dogo sana.

Lakini kitu kinachopitisha hewa hupitisha na sauti. Ndiyo sababu kupachika trei za mayai au sponji ya godoro ukutani humdanganya mwenye chumba. Yeye aliye ndani husikia mwangwi umetoweka, akadhani sauti imezuiwa. Jirani aliye nje hapati nafuu yoyote ya maana. Kwa nini iwe hivyo? Jibu liko katika kanuni ifuatayo.

3. Kanuni ya tungamo

Sauti ni mtetemo unaosafiri katika hewa kwa mwendo wa mita 346 hivi kwa sekunde, hewa ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa, na kizio chake ni hezi. Sauti nene, kama dundo la ngoma kubwa, huwa na masafa ya chini, kati ya hezi 50 na 100 hivi. Sehemu za usemi zinazotuwezesha kutambua maneno huwa hasa kati ya hezi 500 na 4,000.

Mawimbi ya sauti yanapofika ukutani huusukuma ukuta mbele na nyuma, nao ukuta huisukuma hewa ya upande wa pili. Ukuta mzito ni mgumu kusukumwa. Basi hupitisha sauti kidogo. Tena, kadiri ukuta unavyotakiwa kwenda na kurudi kwa haraka zaidi, ndivyo uzito wake unavyouzuia zaidi. Kwa hiyo sauti nyembamba huzuilika upesi kuliko sauti nene. Mambo haya mawili hukusanywa katika mlinganyo mmoja:

R = 20 log (m × f) − 47

Hapa R ni upungufu wa sauti kwa desibeli, m ni tungamo la ukuta kwa kilo katika kila mita ya mraba, na f ni masafa kwa hezi. Tukumbuke kwamba desibeli ni kipimo cha logi: kila upungufu wa desibeli 10 maana yake nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi, na sikio huihisi sauti hiyo kuwa imepungua kiasi cha nusu.

Mlinganyo huu unatufundisha jambo muhimu. Tungamo la ukuta likiongezwa maradufu, faida ni desibeli 6 tu. Likiongezwa maradufu tena, ni 6 nyingine. Njia ya uzito peke yake ni njia ndefu na ya gharama.

Sasa tutazame vitu vyetu. Chuma kina kilo 7,850 katika kila mita ya ujazo. Kuta za kontena huwa na unene wa kati ya milimita 1.6 na 2.0. Jedwali hili linaonyesha tungamo la kila ukuta na upungufu wake katika masafa ya hezi 500 kwa mujibu wa mlinganyo wetu.

Jedwali la 1
Bati la paa, mm 0.4: kilo 3 kwa mita ya mraba, desibeli 17
Bodi ya jipsamu, mm 12.5: kilo 9, desibeli 26
Chuma cha kontena, mm 2: kilo 16; desibeli 31
Chuma na bodi vikiwa kitu kimoja: kilo 25, desibeli 35

Hesabu hizi ni za ukuta bapa usio na tundu. Ukuta wa kontena una mikunjo, na mikunjo huufanya uwe mkakamavu upande mmoja kuliko mwingine. Kwa sababu hiyo hupitisha sauti zaidi ya kiasi kinachotajwa na mlinganyo. Hata hivyo tarakimu hizi zinatosha kwa kulinganisha.

Tuchukue kwanza ile sponji ya godoro. Sponji yenye unene wa sentimita 5 na kilo 20 kwa mita ya ujazo huongeza kilo moja tu kwa mita ya mraba. Tungamo linapanda kutoka kilo 16 hadi 17, na faida yake ni nusu ya desibeli, kiasi ambacho sikio haliwezi kukitambua. Sasa tuchukue bodi ya jipsamu iliyogandishwa juu ya chuma. Kutoka desibeli 31 tumefika 35. Faida ni desibeli 4. Ikiwa muziki ndani ya chumba ni desibeli 95, nje ya ukuta tutabaki na 60, yaani sauti ya watu wanaozungumza kwa kawaida umbali wa mita moja. Kwa masafa ya ngoma kubwa, hezi 63, mlinganyo unatoa upungufu wa desibeli 17 tu. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo, ila husikia dundo lake usiku kucha.

4. Hewa kama springi

Inawezekanaje basi kupata faida kubwa bila kujenga ukuta wa zege? Njia ni kuutenganisha uzito tulio nao katika kuta mbili zisizogusana. Mawimbi huusukuma ukuta wa kwanza. Ukuta wa kwanza huisukuma hewa iliyo katikati. Hewa hiyo, kwa kuwa hubonyea, huusukuma ukuta wa pili kwa nguvu iliyopungua sana. Hewa iliyofungiwa kati ya kuta mbili ni springi, na kuta zenyewe ni vitu vizito vilivyofungwa kwenye ncha mbili za springi hiyo.

Mwanafunzi aliyewahi kuning'iniza jiwe katika uzi wa mpira anafahamu tabia ya mfumo wa namna hii. Ukiutikisa mkono polepole, jiwe hufuata mkono. Ukiutikisa kwa mwendo mmoja maalumu, jiwe huruka juu na chini kwa nguvu kupita mkono wenyewe. Ukiutikisa haraka sana, jiwe karibu husimama mahali pake ingawa mkono unakwenda mbio. Mwendo ule maalumu ndio masafa ya mvumo. Katika ukuta wa pande mbili masafa hayo hupatikana hivi:

f₀ = 60 × √[(m₁ + m₂) ÷ (m₁ × m₂ × d)]

Hapa m₁ na m₂ ni matungamo ya kuta mbili kwa kilo katika mita ya mraba, na d ni nafasi iliyo kati yao kwa mita. Chini ya masafa hayo ukuta hutenda kama ukuta mmoja wa kawaida. Karibu na masafa hayo huzuia sauti vibaya kuliko ukuta mmoja. Juu yake, upungufu hupanda upesi sana: kinadharia ni desibeli 18 kila masafa yanapoongezeka maradufu, badala ya 6 za ukuta mmoja. Shabaha ya mjenzi, basi, ni kuyasukuma masafa ya mvumo yawe chini kabisa kadiri iwezekanavyo.

Sasa tunaweza kuona kosa la kukaza bodi moja kwa moja juu ya kontena. Mikunjo ya ukuta wa kontena ina kina cha sentimita 3.6 hivi. Bodi hugusa migongo ya mikunjo tu, na mabonde hubaki na hewa yenye wastani wa unene wa sentimita 1.8. Tukiweka m₁ = 16, m₂ = 9 na d = 0.018, tunapata hezi 186. Masafa hayo yamo katikati ya sauti ya binadamu na ya gitaa. Hivyo hatukupata ukuta mmoja mzito kamili, wala kuta mbili zilizotengana. Tumepata springi ngumu inayovuma pale pale tunapotaka kimya, na juu ya hayo kila skrubu imekuwa daraja la kuvusha mtetemo kutoka bodi hadi chuma.

Tuiondoe bodi hiyo na kuisimamisha sentimita 10 mbali na chuma. Masafa ya mvumo yanashuka hadi hezi 79. Tukipachika bodi mbili, moja juu ya nyingine, m₂ inakuwa kilo 18, na mvumo unashuka hadi hezi 65. Nafasi ile ikijazwa pamba ya mawe, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa kuyeyusha mawe, springi ya hewa hulegea zaidi na mtetemo wake hufyonzwa. Tazama jinsi kazi ya kufyonza sauti ilivyopata mahali pake halali: ndani ya ukuta, si juu ya ukuta.

Kwa ukuta wa namna hii nadharia hutoa upungufu wa zaidi ya desibeli 60 katika hezi 500. Ujenzi wa nyumbani haufiki huko, kwa sababu sauti hupita pia mlangoni, sakafuni na katika maungio. Lakini hata tukipata nusu tu ya nyongeza hiyo, tumeipita mbali faida ya desibeli 4.

Mwenye kibanda cha mabati yuko katika hali ngumu zaidi, maana bati lake lina kilo 3 tu. Akiweka bodi mbili kwa nafasi ya sentimita 10, mvumo unabaki hezi 118. Ni afadhali alihesabu bati kuwa kinga ya mvua, kisha ajenge ndani yake chumba kamili chenye bodi mbili au tatu kila upande, au aongeze nafasi.

5. Namna ya kufunga bodi

Bodi ya jipsamu ni unga wa jasi uliogandishwa kati ya karatasi mbili nzito. Bodi ya tabaka za jasi na karatasi ilipewa hataza Marekani mwaka 1894 na Augustine Sackett. Jasi yenyewe si ngeni kwetu. Huchimbwa Makanya, wilayani Same. Bodi ya kawaida ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, hivyo uzito wake ni kilo 26 hivi. Kontena la futi 20 lina kimo cha ndani cha mita 2.39; basi kila bodi itakatwa kidogo, na ukataji huo ndio utakaotoa nafasi ya maungio tutakayoitaja.

Kwanza, kagua chuma. Kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, na uzibe kila tundu. Maji yakipenya yataharibu bodi, kwa kuwa jasi na karatasi haziwezi kustahimili unyevu wa kudumu.

Pili, simamisha fremu. Fremu ya mbao au ya vyuma vyembamba vya kufungia bodi isimame juu ya sakafu, si kuning'inia kwenye ukuta wa kontena. Chini yake tandika ukanda wa mpira. Acha sentimita 2 au 3 kati ya fremu na migongo ya mikunjo, pasiwe na skrubu hata moja inayofika kwenye chuma cha nje. Nguzo za fremu zipishane kwa sentimita 60. Ikiwa fremu lazima ishikizwe ili isiyumbe, ishikizwe mahali pachache kwa vishikizo vyenye mpira katikati.

Tatu, jenga dari juu ya kuta mpya. Upana wa kontena ni mita 2.35, kwa hiyo mihimili mifupi inaweza kulala juu ya fremu za pande mbili bila kugusa paa. Dari likitundikwa kwenye paa la chuma, kila tone la mvua litasikika katika kipaza sauti.

Nne, jaza pamba ya mawe katika fremu, bila kuishindilia. Isiguse chuma, kwani usiku chuma hupoa na mvuke wa hewa hugeuka umande juu yake. Fundi avae glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, maana nyuzi zake huwasha.

Tano, funga bodi ya kwanza kwa skrubu za milimita 25, zikipishana kwa sentimita 30. Funga bodi ya pili kwa skrubu za milimita 40, na maungio yake yasikae juu ya maungio ya bodi ya kwanza. Acha milimita 5 kati ya bodi na sakafu, dari na pembe, kisha jaza nafasi hiyo kwa gundi ya mpira isiyokauka ikawa ngumu. Plasta ngumu haifai hapo: hupasuka na kuvusha mtetemo.

6. Hesabu ya tundu

Wajenzi wengi hutumia fedha nyingi kwa ukuta, kisha wakaacha mwanya chini ya mlango. Tuone gharama ya mwanya huo. Ukuta unaopunguza desibeli 40 hupitisha sehemu moja ya elfu kumi ya nguvu ya sauti. Tundu hupitisha yote. Ikiwa tundu ni asilimia moja ya eneo lote, nguvu inayopita ni 0.01 kujumlisha 0.99 × 0.0001, yaani karibu 0.0101. Upungufu wa jumla ni desibeli 20 peke yake. Hata kama ukuta ungekuwa wa desibeli 60, jibu lingebaki lile lile. Kwa hiyo mlango uwe mzito, uwe na mpira pande zote nne, na nyaya za umeme zipite katika matundu yaliyozibwa.

7. Hewa, joto na moto

Chumba kisichopitisha sauti ni chumba kisichopitisha hewa. Hili si jambo la kupuuza. Mtu aliyetulia hutoa lita 20 hivi za kabonidioksaidi kwa saa. Chumba kilichobaki baada ya ujenzi wetu kina mita za ujazo 25 hivi, yaani lita 25,000. Watu watatu wakijifungia humo, kila saa huongeza asilimia 0.24 ya gesi hiyo. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04, basi baada ya saa mbili tumefika asilimia 0.52, na mipaka inayowekwa kwa kawaida mahali pa kazi ni asilimia 0.5 kwa siku ya saa nane. Kichwa kitauma na usingizi utawajia kabla ya wimbo kukamilika. Chumba lazima kiwe na mifereji miwili ya hewa, mmoja wa kuingizia na mmoja wa kutolea, yenye kona mbili au tatu na kufunikwa pamba ya mawe upande wa ndani. Hewa hupinda kona. Sauti ikijaribu kupinda hufyonzwa. Jenereta ikae mbali nje, kwa kuwa moshi wake una kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Hatari ya pili ni moto, na hapa uchaguzi wa vifaa ni suala la uhai. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013 maafa ya namna hiyo yalitokea katika ukumbi wa Kiss, mjini Santa Maria, Brazili, na watu 242 walipoteza maisha. Sponji ya plastiki huwaka upesi na moshi wake una sumu kali. Kumbuka kwamba sponji hiyo hiyo ilitupatia nusu ya desibeli.

Jasi ina tabia iliyo kinyume. Fomula yake ni CaSO₄·2H₂O. Tungamo la moli moja ni gramu 172, na katika hizo gramu 36 ni maji, yaani asilimia 21. Moto unapoishambulia bodi, sehemu kubwa ya nguvu zake hutumika kwanza kuyafukuza maji hayo, na upande wa pili wa bodi hubaki na joto la wastani kwa muda fulani. Muda huo ndio wa watu kutoka nje. Kwa sababu hiyo milango ya asili ya kontena isitumike kama mlango wa chumba: makomeo yake yako nje, na mtu akifungiwa ndani hawezi kujifungulia. Katwa mlango mwingine unaofunguka kwa nje bila ufunguo.

8. Jaribio la darasani

Vifaa: saa ya kengele, taulo, debe, sponji, sanduku la mbao lililo kubwa kuliko debe, penseli chache na sarafu.

(a) Weka saa inayolia juu ya taulo lililokunjwa, uifunike kwa debe. Sikiliza ukiwa umbali wa mita 3. (b) Funika debe kwa sponji, usikilize tena. (c) Ondoa sponji, funika debe kwa sanduku bila kugusana. (d) Penyeza penseli kadhaa zibanwe kati ya debe na sanduku. (e) Toa penseli, kisha inua ukingo wa debe na wa sanduku kwa sarafu.

Simu yenye programu ya kupimia sauti yafaa kwa kulinganisha, mradi isisogezwe kutoka mahali pake. Wanafunzi waandike matokeo kwa kila hatua, kisha waeleze kila badiliko kwa kutaja moja ya mambo haya: tungamo, springi ya hewa, daraja, au tundu. Mwalimu awaulize pia kwa nini taulo lilihitajika.

9. Hitimisho

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kelele zinazopita viwango vilivyowekwa. Lakini hata pasipo sheria, usingizi wa mtoto wa jirani una haki yake.

Ni vema pia kusema wazi mahali ambapo ukuta huu unafika kikomo. Mvumo wake wa hezi 65 unakutana na dundo la ngoma kubwa na besi. Hapo hautazuia mengi. Anayetaka kufanya kazi usiku hana budi kupunguza besi au kutumia spika za masikioni. Kwa sauti ya msemaji, mwimbaji na gitaa, kuta mbili zilizotengana vizuri humtosheleza mtu wa kawaida.

Fundi akija na bodi na skrubu, mwenye nyumba amwulize swali moja kabla ya kazi kuanza: bodi hii itagusa chuma mahali gani? Jibu zuri ni kwamba haitagusa popote.

Maswali

1. Kwa kutumia mlinganyo wa tungamo, tafuta upungufu wa sauti wa bodi tatu za jipsamu zilizoshikamana, katika masafa ya hezi 125 na ya hezi 1,000.

2. Tafuta masafa ya mvumo ya ukuta wa kontena wenye kilo 16 na bodi mbili zenye jumla ya kilo 18 ikiwa nafasi ni sentimita 5, kisha sentimita 20. Nafasi ilipoongezeka mara nne, masafa yamebadilika kwa kiasi gani?

3. Ukuta hupunguza desibeli 30. Mlango wake umeacha mwanya ulio sehemu moja ya elfu ya eneo lote. Upungufu wa jumla ni desibeli ngapi?

4. Upana wa ndani wa kontena ni mita 2.35 na kimo chake mita 2.39. Mawimbi-simamizi ya kwanza kati ya kuta mbili hutokea pale nusu ya urefu wa wimbi inapolingana na nafasi iliyopo. Tafuta masafa hayo kwa upana na kwa kimo, kisha ueleze kwa nini ni afadhali vipimo hivyo viwili visikaribiane baada ya ujenzi.

5. Eleza kwa nini mtu aliye ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai hawezi kuwa shahidi mzuri wa sauti inayotoka nje.